Biskuti za Matunda kwa Chai ya Asubuhi: Shajara ya Mradi wa Jikoni

Jumamosi, 2 Novemba

Leo nimeanza rasmi kazi ambayo nimeiwaza tangu mwezi wa nane, nayo ni kuoka hapa nyumbani, Ngamiani, Tanga, biskuti zenye matunda ya kweli za kunywea chai ya asubuhi. Nyumba yetu ina watu watano. Watoto wawili na baba yao hutoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na mama yangu mzazi, ambaye amehamia kwetu tangu mwaka jana, hupenda kunywa chai yake ya rangi mara tu baada ya sala ya alfajiri, wakati ambao chapati bado ni unga ndani ya bakuli na muuza maandazi wa mtaani hajatandika meza yake. Pengo hilo tumekuwa tukiliziba kwa biskuti za dukani, ambazo pakiti zake zina picha ya embe au nanasi lililokatwa vizuri, lakini ndani hamna tunda, mna arki na rangi. Nataka kitafunwa ambacho mlaji analiona tunda lake na kulitafuna.

Vigezo nimeviandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ili nisije nikavilegeza baadaye nikiwa nimechoka. Tunda lisipungue theluthi moja ya uzito wa unga. Sukari isizidi robo ya uzito huohuo, kwa kuwa tunda nalo lina sukari yake. Biskuti ivumilie kuchovywa katika chai ya moto bila kudondokea kikombeni, kwa sababu mama anatumia meno ya bandia na hawezi kuuma kitu kikavu. Tena ikae ndani ya mkebe siku saba bila kulegea, sharti ambalo kwa mtu wa Dodoma huenda likaonekana dogo, lakini sisi wa pwani tunajua biskuti iliyolala wazi usiku mmoja huamka ikiwa imekunjika kama ngozi.

Vifaa nilivyo navyo ni oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani, mizani ya jikoni inayotumia betri, trei mbili, kibao na mti wa kusukumia chapati, pamoja na glasi ya chai itakayokatia maumbo. Kipimajoto cha oveni nimekiazima kwa shangazi, ambaye huoka keki za harusi na haamini hata siku moja namba zilizochapwa kwenye kitasa cha oveni.

Jumapili, 3 Novemba

Soko la Mgandini limeanza kupokea maembe ya mwanzo wa msimu, nikanunua dodo mawili yaliyoiva barabara. Nilipima unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 100, sukari gramu 60, yai moja, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, chembe za chumvi na iliki iliyotwangwa, kisha nikaponda nyama ya embe gramu 90 na kuimimina humo. Donge likagoma kushikamana. Liling'ang'ania vidoleni, likang'ang'ania kibao, nikalazimika kuliongezea unga mara tatu, jumla gramu 60, mpaka likakubali kusukumwa. Nilioka kwa nyuzijoto 175, dakika 18.

Kilichotoka ni kitu kilichoumuka kama andazi lisilo na mafuta: laini katikati, kigumu pembeni, na embe lenyewe halionekani wala halionjeki sana. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Embe lililoiva ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo katika gramu 90 za embe nilikuwa nimetia unga wangu gramu zipatazo 75 za maji, sawa na vijiko vitano vya chakula, na ladha ya tunda iliyobaki ilikuwa ndani ya gramu 15 tu. Unga wa ngano ukikutana na maji mengi na mikono inayoukanda, hujenga gluteni, yaani ule mtandao unaovutika ambao tunautaka kwenye chapati na hatuutaki kabisa kwenye biskuti.

Mama alichukua moja, akaimega karibu na sikio, akairudisha sahanini. "Mwanangu, hii haikulia," akasema. "Bada nzuri huanzia juani, haianzii jikoni. Makopa yakigongana yasilie, huwezi kuyapeleka kinuni." Yeye amekula na kupika bada, yaani ugali wa mhogo, maisha yake yote, na amekausha makopa, vile vipande vya mhogo, kwenye paa tangu akiwa mtoto. Nimeyaandika maneno yake pembeni mwa hesabu yangu, kwa sababu yanasema jambo lilelile kwa ufupi zaidi.

Jumamosi, 9 Novemba

Wiki nzima imekwenda katika kukausha embe, na imepotea. Jumanne nilimenya kilo moja na nusu, nikakata vipande vyembamba vya milimita 5 hivi, nikavichovya katika maji ya ndimu ili visigeuke rangi, nikavitandaza kwenye ungo mbili zilizofunikwa kipande cha chandarua kisafi kwa ajili ya nzi. Siku ya kwanza jua lilikuwa kali na vipande vikaanza kukunja kingo zake. Siku ya pili, saa nane mchana, mvua ya vuli ikashuka ghafla wakati mimi nikiwa kazini, na mama alipofika uani vipande vya juu vilikuwa vimekwisha kulowa. Siku ya tatu wingu halikuondoka. Jana asubuhi nikaona vidoa vyeupe vyenye manyoya juu ya vipande vichache, na kwa kuwa ukungu unaoonekana juu ni sehemu ndogo tu ya ule uliokwisha kujipenyeza ndani, nikavitupa vyote, vikiwamo vile vilivyoonekana vizima. Iliniuma, lakini sitawapa watoto kitu ninachokitilia shaka.

Jumapili, 17 Novemba

Jana na leo nimekausha kwa njia mbili kwa pamoja, na safari hii imekubali. Oveni yangu haishuki chini ya nyuzijoto 100 kwenye kitasa chake, joto ambalo ni kubwa mno kwa kukaushia: upande wa nje wa kipande hukauka upesi na kuwa gamba, na gamba hilo huyafungia maji ya ndani yasipate pa kutokea. Nililigundua hilo nilipokata kipande kilichoonekana kikavu nikakuta kiini chake bado kinang'aa kwa unyevu. Shangazi akanielekeza nichomeke mwiko kwenye mlango wa oveni ubaki wazi kidogo. Kipimajoto chake kikashuka hadi 70, na mvuke ukapata njia.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: vipande hukaa juani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, kisha huingia katika oveni yenye mwiko mlangoni kwa saa tatu, vikigeuzwa kila baada ya saa moja. Kilo moja ya vipande vibichi imebaki gramu 205. Kipande kilichokuwa tayari hukunjika bila kukatika, hakiachi unyevu kidoleni kikibanwa, na kikipasuliwa kwa mkono hakina utelezi ndani. Harufu yake imekuwa nzito kuliko ya embe bichi, karibu na ile ya embe lililosahauliwa ndani ya kabati la nguo, na watoto wameanza kuvidokoa kabla havijafika kwenye unga.

Jumamosi, 23 Novemba

Jaribio la pili la kuoka, sasa kwa embe kavu gramu 90 lililokatwa kwa mkasi uliopakwa mafuta ili usinate. Donge lilikuwa tulivu. Liliposhikamana tu nikaacha kulishika, nikalifunika na kuliweka kwenye friji nusu saa, kwa kuwa siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 30 na kitu, na mchana wa Tanga wa mwezi huu unafika huko bila shida. Siagi ikiyeyuka kabla ya kuingia motoni, biskuti hutandawaa kwenye trei na kupoteza umbo.

Umbo lilikaa vizuri na biskuti ililia ilipomegwa. Kasoro mpya ni kwamba kila kipande cha embe kilichochungulia juu ya biskuti kiliungua. Sukari ya matunda ina sehemu kubwa ya fruktosi, ambayo hubadilika rangi kwenye joto la chini kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo biskuti yenyewe ilipokuwa bado na rangi ya mchanga, embe lilikuwa limekwisha kuwa jeusi na chungu. Mwanangu wa kiume aliyatoa moja moja kwa kucha, akala kilichobaki.

Dawa yake nimeipata katika biskuti ya kale ya Waingereza iitwayo Garibaldi, ambayo kiwanda cha Peek Freans cha London kilianza kuitengeneza mwaka 1861 na kuipa jina la jemadari wa Italia, Giuseppe Garibaldi. Ndani yake mna zabibu kavu ndogo, lakini hazichanganywi na unga. Hupangwa juu ya utando mmoja wa donge, hufunikwa kwa utando wa pili, kisha vyote viwili husukumwa kwa pamoja mpaka zabibu zikandamizwe katikati. Mtu aliyezoea kutengeneza chapati za kusukuma na kukunja haoni ugumu wowote hapo. Nimejaribu leo jioni kwa donge lililobaki, tando mbili za milimita 3 kila moja, na hakuna kipande hata kimoja kilichoungua. Juu ya biskuti tunda huonekana kama kivuli cha manjano chini ya ngozi nyembamba, na linapendeza.

Jumamosi, 30 Novemba

Nanasi nitalieleza kwa ufupi kwa kuwa sitaendelea nalo. Lina kimeng'enya kiitwacho bromelini kinachovunja protini, kwa hiyo nililipika kwanza, maana moto hukiua, nikalikausha kwa sukari kidogo na mdalasini mpaka likawa kama jamu nzito. Ladha ilikuwa bora kuliko ya tunda jingine lolote nililojaribu, lakini jamu ile ilibaki na maji, ikalowesha utando wa chini, na kesho yake biskuti zilikuwa zimeshikana. Nanasi linafaa kwa biskuti za sikukuu zinazoliwa siku ileile. Kwa mkebe wa wiki nzima halifai.

Tende ndizo zilizonifurahisha. Tende iliyokauka vizuri ina maji kidogo tu, haihitaji jua langu wala oveni yangu, na inapatikana mwaka mzima. Mama alipoziona mezani akaanza kusimulia jinsi wazee wake walivyopokea tende za majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba, zikiwa zimekandamizwa ndani ya makanda ya ukindu mpaka zikawa kitu kimoja cha kukatwa kwa kisu. Nilizitoa kokwa, nikazikatakata, na kwa sababu utamu wake ni mkubwa nikapunguza sukari hadi gramu 30. Shida ni kwamba zinanata na kujikusanya pamoja, hivyo biskuti moja hupata bonge na nyingine hukosa kabisa.

Hapo ndipo machicha yalipoingia. Mama alikuwa amekuna nazi kwa ajili ya wali, na baada ya kukamua tui la kwanza, la pili na la tatu, machicha yalikuwa yakingoja kupelekwa kwa kuku wa jirani. Nikayachukua gramu 80, nikayakaanga bila mafuta kwenye moto mdogo, nikikoroga mpaka yakawa makavu, ya rangi ya dhahabu, yakabaki gramu 35. Vipande vya tende nilivigaragaza humo kama mtu anayegaragaza kababu kwenye chenga za mkate. Vikaachana, kila kimoja kikavaa koti lake, na machicha yakanyonya ule unyevu wa juu wa tende. Sijui kwa nini nilihangaika na unga wa kunyunyizia wakati jibu lilikuwa likitupwa uani kila siku ya wali.

Jumamosi, 7 Desemba

Biskuti za embe na tende zilizookwa Jumatano zimelegea leo, siku ya tatu, ingawa mkebe ulifungwa. Niliziweka kumi kwenye mizani: siku zilipotoka motoni na kupoa zilikuwa gramu 152, leo ni gramu 159. Gramu saba hizo si kitu kingine isipokuwa hewa ya Tanga iliyogeuka maji ndani ya biskuti zangu. Sukari ya matunda huvuta unyevu kutoka hewani kuliko sukari ya miwa, kwa hiyo kadiri ninavyoongeza tunda na kupunguza sukari ya pakiti, ndivyo biskuti inavyozidi kuwa na kiu. Kigezo changu cha kwanza kinapigana na cha nne.

Kosa jingine ni langu la wazi: nilizifungia mkebeni zikiwa bado na uvuguvugu, na mvuke wake ukazirudia. Zinatakiwa zipoe juu ya wavu, hewa ikipita chini na juu, kwa muda usiopungua saa moja.

Usiku nimekumbuka asili ya neno lenyewe. Biskuti imetufikia kutoka Ulaya, na mzizi wake wa Kilatini, bis coctus, maana yake ni kitu kilichopikwa mara mbili. Mabaharia wa zamani walibeba mkate uliorudishwa motoni baada ya kuokwa, ukakauka kabisa, ukadumu miezi. Jina limekuwa likinieleza njia muda wote huu. Nimezirudisha zile kumi kwenye oveni ya nyuzijoto 120 kwa dakika 25, nikaziacha zipoe kabisa, nikazipima tena: gramu 146. Mama aliimega moja sikioni mwake, na safari hii hakusema kitu. Alinipa nusu moja, akachovya nyingine.

Jumapili, 15 Desemba

Jana umeme ulikatika saa kumi jioni, trei ya kwanza ikiwa ndani ya oveni kwa dakika sita tu na trei ya pili ikiwa mezani. Biskuti zilikuwa zimeanza kuumuka na zilikuwa zinaelekea kunywea. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, akasema, "Lete lile sufuria la pilau, na mkaa. Kwani mkate wa kumimina tulikuwa tukiuokea wapi?"

Sufuria kubwa liliwekwa juu ya jiko la mkaa, ndani yake tukamwaga mchanga mkavu wenye kina cha vidole viwili, juu ya mchanga tukapanga vijiwe vitatu, na juu ya vijiwe ikakaa trei ya duara niliyoazima kwa jirani, kwa kuwa yangu ya pembe nne haikuingia. Mfuniko ulikuwa bati zito, na juu ya bati tukapalia makaa. Mimi ningeweka mengi chini na machache juu, lakini mama alinigeuzia hesabu: chini mkaa wa kushika joto tu, juu mkaa mwingi zaidi, kwa sababu moto wa chini hugusa chuma na mchanga na kuungulisha upesi, ilhali wa juu hupiga hewa kwanza ndipo ushuke kwenye unga. Kipimajoto cha shangazi hakikuwa na mahali pa kukaa. Mama alichukua sahani ndogo ya bati yenye unga mkavu wa kujaza kiganja, akaiweka ndani, akafunika, akaanza kuhesabu kwa utulivu. Alipofika mia moja na ishirini akafunua, unga ulikuwa umepata rangi ya kahawia hafifu. "Tia," akasema. Ungekuwa mweusi, tungepunguza makaa. Ungebaki mweupe, tungepepea.

Trei ya kwanza, ile iliyokatizwa, haikupona. Ya pili ilitumia dakika 16, na ilitoka na rangi ambayo oveni yangu haijawahi kunipa: kingo za kahawia, katikati dhahabu, na harufu ya moshi wa mbali ambayo inapatana sana na tende. Biskuti nne za pembezoni ziliungua chini kidogo. Lakini jambo kubwa lilitokea baadaye. Kwa uchovu tuliziacha biskuti zilizoiva ndani ya sufuria, mfuniko ukiwa umeegeshwa upande, makaa yakifa polepole juu ya bati mpaka usiku. Asubuhi hii nimezikuta kavu kau. Moto uliobaki ulikuwa umefanya kazi ya kupika mara ya pili bila kutumia mkaa mwingine wala uniti moja ya umeme.

Nimejaribu leo mchana kuiga hali hiyo kwa oveni. Baada ya biskuti kuiva nilizitoa zikapoa nusu saa kwenye wavu huku oveni ikishuka joto mlango ukiwa umefungwa, nikazirudisha, nikazima kabisa, nikachomeka mwiko mlangoni, nikaziacha saa mbili. Biskuti kumi zimepima gramu 147. Tofauti na zile nilizozioka mara mbili kwa umeme ni gramu moja tu.

Jumapili, 22 Desemba

Leo ilikuwa siku ya kuchovya. Niliandaa vikombe vinne vya chai ya moto isiyo na maziwa, nikaoka jana aina nne za biskuti za unene uleule wa milimita 6, na binti yangu akawa mwenye kuhesabu. Biskuti ilizamishwa nusu yake, ikashikwa wima, na hesabu ikaanza.

Ile ya samli tupu ilikuwa tamu na laini mdomoni kama vileja vya Idi, lakini ilimeguka kwenye hesabu ya nne. Samli haina maji, kwa hiyo unga haukupata kitu cha kuujengea uti, na mafuta yake yaliyeyuka mara tu yalipoigusa chai. Ile niliyoichanganya na gramu 50 za unga wa mtama, ambayo niliipenda sana kwa ladha yake ya udongo na karanga, ilianguka kwenye tatu, kwa kuwa mtama hauna gluteni hata kidogo. Ile ya siagi na yai, yenye vipande vya embe vya ukubwa wa punje ya hindi, ilivumilia hadi sita, na ilipovunjika ilivunjikia palepale penye kipande. Hapo nikaelewa kwamba kipande kikubwa ni ufa ulioandaliwa. Ya nne ilikuwa ya siagi na yai vilevile, ila matunda nilikuwa nimeyakatakata mpaka yakawa na ukubwa wa punje za choroko, na hiyo ilifika kumi na moja ikiwa imara, mama akaitoa mwenyewe na kuila, akisema hakuna mtu anayechovya muda mrefu kuliko huo labda awe amesinzia.

Nimeamua kubaki na siagi, yai na ngano tupu. Mtama nitaurudia kwa ajili ya biskuti za watoto, ambao hawachovyi.

Jumamosi, 11 Januari

Biskuti sita nilizozitenga ndani ya mkebe wao peke yao tarehe 4 zimefikisha siku saba leo. Nilizimega tatu, zote zililia. Vigezo vyote vinne vimetimia kwa mara ya kwanza katika mkupuo mmoja, kwa hiyo ninaandika hapa kipimo kamili kama kilivyo sasa, nikiwa nimekirudia mara tatu bila kukibadilisha.

Unga wa ngano gramu 250 uchekechwe pamoja na kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi na punje sita za iliki zilizotwangwa. Siagi baridi gramu 100 ifikichwe humo kwa ncha za vidole mpaka unga ufanane na chenga za mkate, ndipo iongezwe sukari gramu 40 na yai moja lililopigwa. Donge lishikamane tu, lisikandwe. Likae kwenye friji nusu saa, kisha ligawanywe mara mbili na kusukumwa tando mbili za milimita 3. Embe kavu gramu 60 na tende gramu 40, vyote vikiwa vimekatwakatwa kufikia ukubwa wa choroko na kugaragazwa katika machicha makavu gramu 30, vitandazwe juu ya utando wa kwanza, vifunikwe kwa wa pili, na mti upitishwe juu yake mara tano au sita kwa mkono mzito kidogo mpaka unene urudi milimita 6. Utando wa juu utobolewe kwa uma ili mvuke utoke, ndipo zikatwe. Glasi nimeiacha, kwa sababu mabaki yake yana matunda ndani na hayasukumiki tena vizuri. Sasa nakata miraba kwa kisu na hakuna kinachobaki. Zioke kwa nyuzijoto 170 kwa dakika 15, zipoe nusu saa, zirudi katika oveni iliyozimwa yenye mwiko mlangoni kwa saa mbili, zipoe tena kabisa juu ya wavu, ndipo ziingie mkebeni. Napata biskuti 32 za gramu 15 hivi kila moja. Kwa watu watano wanaokula mbilimbili hizo ni siku tatu, kwa hiyo Jumamosi naoka vipimo viwili kwa pamoja.

Maembe ya msimu yamejaa sasa na bei imeshuka, jua la kaskazi ni kavu na la kuaminika, na ungo zangu mbili zimekuwa nne. Nimekwisha kukausha kilo sita tangu Krismasi, na zilizobaki zimefungwa kwenye chupa za kioo juu ya kabati, kwa kuwa embe likiisha sokoni biskuti haziwezi kungoja msimu mwingine. Machungwa ya Muheza yatakapoanza kushuka nitajaribu maganda yake, yaliyochemshwa mara tatu kuondoa uchungu na kukaushwa kwa mwiko mlangoni.

Shule zinakaribia kufunguliwa. Leo alfajiri niliamka nikakuta taa ya jikoni inawaka na mama ameketi peke yake na kikombe chake, mkebe ukiwa mbele yake na mfuniko umefungwa barabara. Alikuwa amechukua mbili. Aliponisikia akanyanyua ile iliyobaki, akaimega karibu na sikio.